Tupeane uzoefu: matapeli wa simu wanawajia na mbinu gani?

Wakuu, habari za muda huu. Meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii" tumeizoea, lakini bado inanasa watu, kwa sababu inamkuta mtu kweli anadaiwa kodi ya nyumba au ada ya mtoto. Tapeli hakujui. Anawatumia wengi, anasubiri mwenye deni siku hiyo.

Shangazi yangu, Morogoro, alipigiwa na mtu aliyejiita "huduma kwa wateja": eti kuna hela imeingia kwake kimakosa, airudishe. Meseji kweli ilikuwepo, ina jina, kiasi na salio jipya. Bahati nzuri alikwenda kwa wakala. Kijana wa pale akamwambia, "Mama, angalia hapa juu, hii imetoka namba ya mtu wa kawaida." Wakaangalia salio, halijaongezeka hata shilingi. Jamaa bado yuko hewani, sasa anafoka: "Mama utalala polisi!" Mwanzo alikuwa mpole kama mtoto wa madrasa, aliposikia neno salio tu, upole ukaisha. Inaniuma, maana wanaowindwa zaidi ni wazazi wetu.

Leteni ya kwenu.

MamaLishe_Tandika: Kwangu mteja anakula, ananionyesha meseji ya malipo kwenye simu yake, anaondoka. Siku hizi naangalia salio langu kwanza, hata foleni iwe ndefu. Mwenye kununa anune.

Mkulima wa Mbozi: Huku wanapiga msimu wa kuuza mahindi. Baba mdogo aliambiwa mwanawe kapata ajali, hospitali wanataka hela ya haraka. Akakata, akampigia mwanawe mwenyewe. Yuko kazini, mzima kabisa.

WakalaMtaani: Mimi ni wakala. Namba ya siri haombwi mtu, awe nani. Meseji ya kitapeli itumeni kwenda 15040, ni namba ya kuripoti ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania. Halafu piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Kuna mteja wangu alikuta laini asiyoijua, akaenda kuifuta.

Dada_Ubungo: Asante wakala, hiyo ya *106# nampigia mama sasa hivi. Je, kuna aliyechukua RB (namba ya taarifa ya kesi) polisi na hela ikarudi? Aeleze alianzia wapi, na ilichukua muda gani.