Binti anataka kombi ya michezo, baba yake anataka CBG. Nisaidieni kabla dirisha halijafungwa

Mama wa Mwaloni
Habari za jioni wana jukwaa. Mimi nauza dagaa hapa Mwaloni, Kirumba, Mwanza. Shule yangu iliishia darasa la saba, nikikosea nisahihisheni taratibu.

Binti yangu wa pili kamaliza kidato cha nne, kapata daraja la pili. Biolojia B, Kiswahili B, Jiografia C, Kiingereza C, Kemia D, Hisabati ndiyo kaangukia pua. Sasa hivi wanaruhusiwa kubadilisha machaguo kwenye Selform, ile fomu ya kuchagua masomo na shule, na yeye kashikilia kombi ya michezo ya kidato cha tano, hizi mpya. Baba yake kusikia hivyo akaacha ugali. "Sijalipa ada miaka minne mtu akasomee kuruka kamba." Anataka CBG, yaani Kemia, Biolojia na Jiografia, awe nesi. Leo siku ya nne hawasemeshani, ujumbe wote unapitia kwangu.

Mtoto mbio anazo, mita 800, UMISSETA, yale mashindano ya shule za sekondari, alifika mpaka ngazi ya mkoa. Ila mimi nauliza: hiyo miaka miwili darasani wanasoma nini hasa? Na akimaliza anaelekea wapi?

Ng'wana Igoma
Mwangaluka mama! Mwache mtoto akimbie. Mkimbiaji wetu Alphonce Simbu kaleta dhahabu ya dunia ya marathoni kutoka Tokyo mwaka 2025, kamzidi Mjerumani kwa kifua tu, muda wao mmoja saa 2:09:48. Angesikiliza wazee angekuwa wapi?

Nyegezi Mwisho wa Lami
Simbu ni mmoja mkuu. Halafu mama kauliza habari ya kusoma, wewe unamjibu habari ya kukimbia. Ni vitu viwili.

Ticha wa Filimbi
Shikamoo mama. Somo hili la michezo nalifundisha, kwa hiyo nina upande, lijue hilo kwanza.

Baba anakumbuka kipindi cha michezo cha enzi zetu: mpira mmoja, watoto 80, mwalimu karudi ofisini kunywa chai. Hiki cha kidato cha tano ni kitu kingine. Chukua ile ndoo yako ya dagaa. Ukiinyanyua kwa kukunja mkono, kiwiko ndiyo egemeo, mzigo uko kiganjani, na msuli wa mbele ya mkono umejishikiza katikati, karibu kabisa na kiwiko. Hiyo ni nyenzo daraja la tatu. Kwa kuwa msuli umekaa karibu na egemeo, unalazimika kuvuta kwa nguvu kubwa mara kadhaa kuliko uzito wenyewe wa ndoo. Ndiyo maana jioni mikono inakuuma mama, dagaa hawana kosa. Mtoto atachora hiyo nyenzo, ataeleza, halafu ataulizwa mrusha tufe anafaidika nayo vipi.

Au moyo. Mtu mzima akiwa ametulia hupiga kama mara 70 kwa dakika, na kila pigo linasukuma kama mililita 70 za damu. Zidisha: karibu lita 5. Yaani ndoo yako ya lita 20 ingejaa kwa dakika 4. Sasa kwa nini mkimbiaji aliyezoea moyo wake hupiga mara chache akiwa amekaa? Wakimbiaji wangu wengi wazuri wanakwama hapohapo. Miguu ipo, maelezo hayapo. Mimi kati ya mwenye mbio na mwenye B ya Biolojia namtaka wa pili, na wako anavyo vyote. Kuna saikolojia humo, kuna historia ya michezo, kanuni, huduma ya kwanza. Uwanjani tunakwenda, lakini tunakwenda na daftari.

Mama wa Mwaloni
Marahaba mwanangu. Hiyo ya ndoo nimeisoma mara mbili, na mkono kweli unauma.

Kaka Mkubwa
Ticha kasema vizuri ila kasahau jambo. Mama, kabla ya kubonyeza chochote ulizia shule husika kama ina mwalimu wa hilo somo. Mwaka 2024 tahasusi, yaani hizo kombi, ziliongezwa hadi zikafika 65, lakini kombi kuwepo kwenye orodha siyo sawa na mwalimu kuwepo darasani. Mdogo wangu alipangiwa shule moja, sitaitaja, mwalimu wa michezo alikuwa ni mtu wa somo lingine kabisa aliyevishwa filimbi. Wakajisomea wenyewe. Piga simu shuleni, uliza ana digrii ya nini, uliza vitabu viko vingapi. Wakianza kukuzungusha, jibu umepata.

Ticha wa Filimbi
Nakubali. Hata mimi nilianza na kitabu kimoja.

Sista Bugando
Dada, mimi ni muuguzi. Mwambie shemeji hivi: kama shida yake ni unesi, kidato cha tano siyo lazima. Vyuo vya kati vinapokea kidato cha nne mwenye angalau D za Kemia, Biolojia na Fizikia. Fizikia alipata ngapi?

Mama wa Mwaloni
Fizikia aliiacha kidato cha pili.

Sista Bugando
Basi njia hiyo imeziba. Na CBG akiwa na hiyo D ya Kemia atateseka, Kemia ya kidato cha tano haina huruma. Lakini na mtoto naye aambiwe ukweli: kombi ya michezo isiyo na Kemia haimpeleki kwenye digrii ya uuguzi wala fiziotherapia. Asije akaniambia baadaye "nilidhani nitatibu wachezaji."

Nyegezi Mwisho wa Lami
Kwa upande wa chuo, Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wana digrii ya elimu ya michezo na sayansi ya michezo. Ila huwezi kuingia kwa mbio, wanaangalia principal mbili kwanza, yaani ufaulu kamili wa masomo mawili kidato cha sita, kwenye masomo wanayoyakubali wao. Hayo ndiyo ya kuchagua kwa makini. Kuna pia Chuo cha Michezo Malya hapahapa mkoani kwetu, Kwimba, wanafundisha ukocha na uongozi wa michezo. Nenda naye siku moja, auone mwenyewe.

Ng'wana Igoma
Haya, nimekaa kimya najifunza.

Mama wa Mwaloni
Nimerudi wapendwa. Shule ya kwanza wamenizungusha, nimeifuta. Ya pili mwalimu mwenyewe kapokea simu, tumeongea dakika 20, Biolojia ipo kwenye kombi. Jumamosi tunakwenda Malya.

Jana usiku baba yao kapanda kilima chetu hapa Kitangiri anahema. Binti kamshika kifundo cha mkono bila kusema neno, kahesabu sekunde 15, kazidisha kwa 4. "Mia na kumi na mbili, baba." Mzee kanyamaza, kanywa maji. Baadaye nikamsikia anamuuliza taratibu, "Hiyo ni nyingi?"