Dawa za kukinga tishu zenye afya wakati wa tiba ya mionzi

Mdadisi: Habari zenu wanajukwaa. Ndugu yangu anatarajia kuanza tiba ya mionzi kwa ajili ya saratani ya koo. Nimesoma kwamba mionzi hugonga maji yaliyomo ndani ya seli na kuzalisha radikali huru, yaani chembe zinazoshambulia haraka kilicho karibu nazo, ambazo ndizo hukata nyuzi za DNA. Ikiwa ndivyo, je, hawezi kumeza vitamini E, ambayo huzima radikali hizo, kwa wingi ili tishu zake zilizo salama zisidhurike?

Mfamasia: Asimeze bila idhini ya daktari wake. Radikali hizo ndizo silaha inayoua saratani, na vitamini haichagui upande: huenda ikaulinda uvimbe pamoja na tezi za mate. Dawa ya kinga yenye maana ni ile inayoweza kutofautisha tishu hizo mbili. Amifostini, iliyotokana na utafiti wa jeshi la Marekani wakati wa Vita Baridi, hudungwa ikiwa haijaamka, yaani haijaanza kufanya kazi. Huamshwa na kimeng'enya cha fosfatasi alkali, ambacho ni kingi katika mishipa midogo ya damu ya tishu zenye afya na haba ndani ya uvimbe, ambao aghalabu una damu kidogo na asidi nyingi. Mwaka 1999 Marekani iliidhinisha itumike kupunguza ukavu wa kinywa kwa baadhi ya wagonjwa wa saratani za kichwa na shingo.

Mdadisi: Ahsante sana. Mbona basi daktari hakuitaja?

Muuguzi wa saratani: Pengine kwa sababu ina usumbufu wake. Hudungwa kwenye mshipa dakika 15 hadi 30 kabla ya kila kipindi cha mionzi, na vipindi huendelea kwa wiki kadhaa. Hushusha shinikizo la damu na kuleta kichefuchefu na kutapika. Isitoshe, mashine za siku hizi huweza kuelekeza miali kwa namna inayozipunguzia tezi za mate kipimo cha mionzi, jambo ambalo, kwa maoni yangu, limewasaidia wagonjwa wengi kuliko dawa hiyo. Mwulize daktari kama tezi hizo zimezingatiwa katika mpango wa tiba.

Mpita njia: Vipi kuhusu vidonge vya iodidi ya potasiamu?

Mfamasia: Hivyo hukinga tezi ya thairoidi pekee, tena dhidi ya iodini yenye mionzi, kama ile iliyovuja kutoka kituo cha nyuklia cha Chernobyl mwaka 1986. Dhidi ya miali ya mashine havisaidii chochote.