Naombeni ushauri: baiskeli ya mtumba aina ya Raleigh kwa elfu 19, niichukue? Na nibadilishe nini?

Kamiti_Mdogomdogo

Habari zenu wadau. Naishi Kahawa West, kazi iko Ruaraka, na nauli ya matatu mvua ikinyesha inapanda hadi mtu anajiuliza anamfanyia nani kazi. Nataka baiskeli ya mbio ya kushuka nayo Thika Road asubuhi, na Jumamosi nijiunge na wenzangu wanaopanda mpaka Tigoni.

Kuna jamaa anauza baiskeli za mtumba. Ana Raleigh ya zamani, rangi ya maruni, usukani wa kuinama. Anataka 19,000 na kila nikiuliza swali jibu ni moja: "Hii ni original ya Uingereza, hupati tena." Amenikubalia niizungushe ndani ya ua wake tu.

Nilichoona: fremu ni ya chuma. Mbele ina duara mbili za meno, moja 52 na nyingine 40, imeandikwa kwenye duara lenyewe. Nyuma sita. Vipini vya gia viko chini kwenye bomba la fremu, si karibu na mikono. Breki zinalia. Tairi zimepasukapasuka pembeni. Gurudumu la nyuma linayumba kidogo.

Mpango wangu ni kuweka zile gia za kisasa za kubadilishia kwenye breki, breki za diski kama inawezekana, na tairi za upana wa milimita 28. Mfuko wangu wote, baiskeli pamoja na marekebisho, ni 35,000. Urefu wangu ni sentimita 178. Nisaidieni kabla hajaniuzia historia.

Kijana_wa_Zimmerman

Bro achana na hiyo chuma ya babu. Kwa 35 unapata mpya kabisa, alumini, diski mbele na nyuma, gia 21. Unapanda siku hiyohiyo.

Fundi_wa_Kona

Kijana, hizo mpya za bei hiyo nazifungua kila wiki. Diski zake ni za waya za daraja la chini, rota inakwaruza tangu siku ya kwanza. Gia 21 maana yake mbele tatu, nyuma saba za friwili, yaani fungu la gia la kufungia kwa thredi, kiwango cha chini kabisa kwa Shimano au hata si Shimano. Na uzito ukiubeba ngazi za ploti ghorofa ya nne utaniambia. Sisemi ni takataka, nasema upya wake usimpofushe mtu.

Sasa wewe Kamiti. Rudi kwa huyo jamaa na sumaku. Ndiyo, sumaku, hata ile ya kubandika karatasi kwenye friji. Nataka mambo matatu:

Kwanza soma namba ubavuni mwa tairi. Usisome ile kubwa tu, tafuta ndogo yenye kistari katikati, kwa mfano 28-622 au 32-630. Pili, bandika sumaku kwenye rimu uone kama inashika. Tatu, piga magoti, pitisha kidole chini ya bomba la chini, sentimita chache tu nyuma ya shingo ya fremu ambapo foku (uma unaoshika gurudumu la mbele) inaingia. Ukihisi mkunjo, au ukiona rangi imefanya mawimbi, baiskeli hiyo iliwahi kugonga kitu kwa mbele. Hapo muage vizuri uondoke, hata akikuachia kwa elfu tano.

Nyambura_wa_Northern_Bypass

Kabla ya sumaku na kila kitu, simama juu yake miguu yote chini. Bomba la juu likikugusa pabaya, biashara imeisha. Hakuna kifaa utakachonunua cha kubadilisha ukubwa wa fremu. Kwa urefu wako fremu ya karibu 56 ndiyo ya kuanzia, inapimwa kutoka katikati ya krenki (pale mikono ya pedali inapozungukia) hadi juu ya bomba la kiti.

Halafu jaribu kupandisha na kushusha kiti. Usikubali kuambiwa "kiko sawa hapo kilipo".

Kamiti_Mdogomdogo

Nimerudi kutoka huko. Jamaa ameniangalia na sumaku mkononi kama mtu wa KEBS, wale wa viwango.

Tairi imeandikwa 27 x 1¼ na chini yake 32-630. Sumaku imeshika rimu zote mbili, mpaka nikaitoa kwa nguvu. Chini ya bomba ni laini, hakuna mkunjo. Nikisimama juu yake pana nafasi ya vidole viwili hivi. Lakini kiti hakisogei. Tumelegeza nati, tumekizungusha watu wawili, hakuna kitu. Yeye anasema hiyo ni dalili ya uimara.

Fundi_wa_Kona

Uimara! Hebu tuandikane vizuri, maana namba zako zimebadilisha kila kitu.

630 ni kipenyo cha rimu kwa milimita, pale tairi inapokalia. Baiskeli za mbio za leo ni 622, ile inayoitwa 700C. Kwa hiyo tairi ya 28 unayoitaka haikai hapo, hata umlete fundi gani. Na mtu asikwambie uchukue ya Black Mamba, zile baiskeli nzito za mizigo, kwa sababu zinakaribiana: ile 28 x 1½ ni 635, italegea na kuchomoka. Halafu angalia: tairi uliyonayo tayari ni pana milimita 32. Ulikuwa unapanga kulipa pesa upate nyembamba zaidi, kwa mashimo haya yetu?

Lakini linalonisumbua si kipimo, ni ile sumaku. Rimu zako ni za chuma zilizopakwa kromu. Zikiwa kavu zinashika breki. Zikilowa, unabana unaendelea kwenda, unabana unaendelea kwenda, halafu zinashika kwa ghafla baada ya maji kufutika. Sasa fikiria mwezi wa nne, unashuka Thika Road, matatu imekata mbele yako kuingia stejini.

Kwa hiyo pesa yako ya kwanza ni magurudumu, kabla hujafikiria gia. Tafuta jozi ya mtumba ya 700C yenye rimu za alumini. Kwa kuwa 622 ni ndogo kuliko 630, ukingo wa rimu utashuka milimita 4, hivyo raba za breki nazo lazima zishuke milimita 4. Leo hii angalia kwenye mkono wa breki, ule mfereji ambao raba inafungwa: chini ya boliti kumebaki nafasi ya milimita 4? Kama ipo, umeokoka, breki hizohizo zinatumika, unabadilisha raba na waya tu.

Jambo la pili ni upana wa nyuma. Fremu za gia sita kwa kawaida ni milimita 126 kati ya masikio ya fremu, pale gurudumu linapofungwa. Magurudumu ya kisasa ya breki za rimu ni 130. Chuma kinakubali kutanuliwa milimita 2 kila upande, na hii ndiyo raha ya fremu ya babu. Alumini usithubutu. Fundi anayejua atatanua na kunyoosha masikio yakae sambamba. Asiyejua atakanyaga kwa mguu.

Diski sahau. Fremu haina mahali pa kuzifunga, na foku hiyo haikutengenezwa kubeba nguvu ya breki upande mmoja. Kuna watu wanachomelea vipande. Siwajibu.

Gia za kwenye breki: zinawezekana, lakini hesabu yake ni vishikio, kimkono cha gia cha nyuma (kile kinachohamisha mnyororo), mnyororo, na kaseti (fungu la gia za nyuma la kisasa) inayolingana na hivyo vyote, kwa sababu kila mbonyezo unavuta waya kiasi maalumu. Ukimaliza umelipa zaidi ya bei ya baiskeli. Hivyo vipini vya chini havina mibonyezo, unavisogeza mpaka sauti inyamaze. Ndiyo maana vinakubali kimkono chochote na friwili yoyote. Wiki moja mkono wako utakuwa umezoea.

Mkuu_wa_Temeke

Mkuu Fundi, heshima kwako, ila hapo kwenye magurudumu nakupinga kidogo. Tairi za 27 x 1¼ bado zinatengenezwa mpaka leo. Kama huyu bwana anaenda kazini tu, anunue tairi mbili, raba nzuri za breki, aanze kupanda, pesa nyingine abaki nayo. Ninyi mafundi mnapenda kumaliza bajeti ya mtu.

Fundi_wa_Kona

Zinatengenezwa ndiyo. Swali ni ikipasuka Jumamosi saa nne asubuhi huko Banana, njia ya Tigoni, ataipata wapi? 700C anaomba mwenzake tyubu. Na raba nzuri haiponyi kromu iliyolowa, inapunguza tu. Ningekuwa nabishania pesa tungekubaliana, ila mimi nabishania breki.

Nyambura_wa_Northern_Bypass

Niko na Fundi, ingawa Mkuu ana hoja kwa mtu asiyepanda mvua ikinyesha. Hapa Nairobi mtu huyo bado sijamwona.

Kamiti, umesahau kuuliza kilicho muhimu kwako: utafikaje Tigoni na meno hayo? Ukitoka Kahawa West ukashika bypass mpaka Ruaka, huko kote kuna kushuka na kupanda mabonde, lakini kutoka Ruaka kupita Banana ndipo unaanza kulipa. Limuru iko juu ya mita 2,200, wewe unaanzia chini kabisa ya hapo. Hesabu meno ya ile kubwa zaidi huko nyuma.

Kamiti_Mdogomdogo

Ile kubwa ina 28. Na nafasi ya raba nimeomba anipigie picha. Inaonekana kuna kama milimita 6.

Nyambura_wa_Northern_Bypass

Basi gia yako nyepesi ni 40 kwa 28. Gawanya: 1.43. Yaani ukizungusha pedali mara moja, gurudumu linazunguka karibu mara moja na nusu. Wenzako wenye baiskeli za kisasa wana 34 mbele na 28 au 32 nyuma, wanashuka mpaka 1.21 au 1.06. Watakuacha wakipiga stori, na wewe utakuwa umesimama kwenye pedali huna hata pumzi ya kuwatukana.

Dawa yake ni rahisi kuliko unavyofikiri. Kuna friwili za baiskeli za milimani, meno 14 hadi 34. Kwa 40 yako unapata 1.18. Kimkono chako cha gia cha nyuma pengine ni kifupi, hakitafikia 34, hivyo ununue kirefu cha Shimano Tourney, ndicho cha bei ya chini kabisa na kinafanya kazi. Vipini vyako vya zamani havitajali. Tahadhari moja: hakikisha magurudumu utakayonunua yanafungwa friwili ya thredi. Ukipata yenye haba (kitovu cha gurudumu) ya kaseti ni bora zaidi, lakini hapo tafuta kaseti yenye 34, si friwili.

MwanaMvita

Assalaam aleikum. Ndugu yangu Kamiti, huku Mombasa chumvi inatufundisha habari za kiti kilichokwama, nisikilize.

Tazama nguzo ya kiti ni ya nini. Sumaku yako itakwambia. Ikiwa ni alumini ndani ya fremu ya chuma, zimelana na kushikana, na hilo si suala la nguvu. Mwaga mafuta ya kupenyeza pale inapoingilia, geuza baiskeli miguu juu uondoe krenki ukiweza, mwaga na kwa ndani. Acha. Kesho mwaga tena. Ukija kuigeuza, igeuze kwa kuzungusha, usipige nyundo kwa juu. Nguzo ikikatikia ndani una kazi ya msumeno wa mkono, na hiyo kazi simuombei adui.

Ila usiifanye wewe kazi hiyo. Mwambie muuzaji aifanye, ndipo ulipe. Hilo pekee linashusha bei.

Na krenki kama inazunguka bila kulia, iache. Raleigh nyingi za zamani za Nottingham zina thredi 26 kwa inchi pale chini, ilhali kiwango cha kawaida ni 24. Kipuri kipya hakitaingia. Fungua, safisha, weka gololi mpya na grisi, funga.

Fundi_wa_Kona

MwanaMvita kasema kweli tupu. Niongeze mnyororo: chukua rula ya inchi, pima kutoka katikati ya pini. Viungo 12 kamili, yaani wa nje na wa ndani pamoja vinahesabiwa kimoja, vitoe inchi 12. Ukizidi kwa 1/16 mnyororo umekwisha. Ukizidi kwa 1/8 umeshakula na meno ya nyuma, ila friwili unabadilisha hata hivyo.

Na uchukue risiti, nakala ya kitambulisho chake, na uandike namba ya fremu. Ziko chini ya krenki au juu pale kiti kinapoingia. Siku askari akikuuliza usianze kusimulia.

Kijana_wa_Zimmerman

Sawa wazee nimenyamaza. Lakini rangi ya maruni abadilishe.

Kamiti_Mdogomdogo

Usiguse maruni yangu.

Nimempelekea orodha yote: rimu za chuma, tairi zimeisha, kiti kimekwama, mnyororo umezidi 1/8. Alianza na original, original. Tumefika 13,500, na kiti akitoe yeye kabla sijalipa. Jana amenipigia, kimesogea, nimeenda nimekiona kikipanda na kushuka. Nguzo ilikuwa alumini kweli. Risiti ninayo.

Magurudumu: nimepata jozi ya 700C alumini yenye haba ya kaseti, 7,000, moja ina spoku mbili zimelegea. Fundi, nikuletee utanue fremu na kunyoosha gurudumu kwa pamoja? Gia za kwenye breki nimeziacha. Pedali za plastiki nataka kubadilisha mwenyewe nyumbani, ya kulia imetoka, ya kushoto naisukuma kwa spana mpaka fremu inalia, haitoki.

Fundi_wa_Kona

Acha kusukuma! Ya kushoto thredi yake imegeuzwa, inafunguka kuelekea upande wa saa. Weka mafuta kidogo, spana ndefu, sukuma kinyume na ulivyokuwa unafanya. Ukirudisha mpya paka grisi na uanzie kwa vidole, ikikataa usilazimishe, utaharibu krenki na tumeshakwambia habari za vipuri vyake.

Niletee Alhamisi, Jumatano nina kontena. Njoo na kaseti pia, na hizo raba mpya za breki, usije na zile za Raleigh ya zamani ukaniambia bado zina nyama.