Filamu za upelelezi kwenye dunia ya uchawi: acheni kutuibia mwishoni!

Wakuu, nivumilieni, leo nimekereka kwelikweli.

Hizi filamu ambazo uchawi ni jambo la kila siku, halafu kuna mpelelezi anasaka muuaji, wazo lake ni tamu sana. Tatizo ni utapeli. Unakodoa macho filamu nzima, unakariri nani aliingia, nani alitoka, nani alikuwa na ufunguo. Zikibaki dakika chache, stelingi anasimama katikati ya sebule na kutangaza kwamba muuaji alipenya ukutani kwa dawa. Dawa gani? Ilitajwa wapi? Mlango uliofungwa kwa ndani tuliupigia hesabu za nini basi?

Mwaka 1929 Ronald Knox, padri wa Uingereza aliyekuwa akiandika hadithi za upelelezi, alitoa amri kumi za fani hii, na ya pili ilipiga marufuku nguvu za kimiujiza. Mimi sifiki huko. Roga unavyotaka, ila niambie mapema uchawi wako unaweza nini na unashindwa wapi.

Na hao polisi wao! Maiti iko sakafuni, askari anawasha sigara kwa ncha ya kidole, mwenzake anaelea hewani akipima chumba, na hakuna hata mmoja anayewaza kupiga ramli au kumuuliza marehemu nani kamuua. Kama mizimu haisemi, semeni haisemi. Kama inasema lakini inadanganya, hapo ndiyo mngenipa filamu! Shahidi aliyekufa, mwongo, na ana kinyongo na mke wake. Hapana, wao wanahangaika na alama za vidole.

Wanaojua kujenga dunia ya namna hii wapo. Cast a Deadly Spell, filamu ya kituo cha televisheni cha HBO mwaka 1991, ipo Los Angeles ya 1948 na kila mtu anatumia uchawi. Misukule inafanya kazi za ujenzi na hakuna anayeshtuka. Fred Ward anacheza mpelelezi Harry Philip Lovecraft, ambaye kagoma kabisa kugusa uchawi. Mgomo huo mmoja tu unakupa mipaka: ukimwona anahoji mtu, unajua ana akili yake na bastola, basi.

Sasa njoo kwenye Bright ya 2017 (ni ya polisi zaidi kuliko upelelezi, najua, na kama hujaiona ruka aya hii). Wanatuambia mtu wa kawaida akishika ile fimbo ya uchawi kwa mkono mtupu analipuka. Safi, sheria imeeleweka, nikakaa vizuri. Mwishoni Will Smith anaikamata na halipuki, kumbe naye ana kipaji! Kumbe! Wametunga sheria wenyewe, wakamtolea stelingi wao msamaha.

Na wewe unayejiandaa kuja na "ni uchawi bwana, lolote linawezekana", sawa, lolote likiwezekana huyo mpelelezi anachunguza nini?

Mwenye filamu ambayo ndumba iliyoua ilionyeshwa wazi mapema, tukaitazama na bado tukapigwa chenga, aitaje hapa. Zile za majoka na kurukiana juu ya mapaa kaeni nazo.