Mrejesho: gari lililokuwa linazurura spidi 80

Wakuu, niliwauliza kwa nini gari langu linazurura, yaani halishiki mstari, nikifika spidi 80 kati ya Igawa na Makambako. Wengi mlisema nibadilishe matairi. Asante sana kwa aliyesema nipapase tairi kwanza: nilipopitisha kiganja, ukingo wa ndani ulikuwa umelika mpaka una meno kama msumeno, wa nje bado mzima.

Fundi wa hapa Mwanjelwa, Mbeya, aliinua gari kwa jeki, akalitikisa gurudumu kushoto na kulia. Tairodi endi, kiungo cha mwisho wa fimbo ya usukani inayogeuza gurudumu, ilikuwa inacheza. Alikataa kupima alaimenti, yaani mwelekeo wa magurudumu, kabla ya kuibadilisha, na alikuwa sahihi kabisa, maana ukipima juu ya kifaa kilicholegea vipimo havikai. Mashine ikaonyesha matairi ya mbele yametazama nje. Hapo kila tairi linavutia kwake, kibonde kidogo tu gari linahama. Yamerudishwa sawa.

Jana nimeenda Tukuyu na kurudi, na kona zote zile: usukani umenyooka, ukimaliza kona unarudi wenyewe. Bado linavuta kushoto kidogo, hata lami ikiwa haijalala upande huo. Fundi anashuku kasta ya kushoto, yaani mlalo wa mhimili ambao gurudumu hugeukia, ni ndogo kuliko ya kulia. Jumamosi narudi kwake.