Naomba ushauri: kulala kando ya Ziwa Michaelson, Mlima Kenya

Habari zenu wandugu. Mwezi wa pili, kabla mvua za masika hazijaanza, nataka kupanda Mlima Kenya kwa njia ya Chogoria na mdogo wangu wa miaka 19. Hatuna haja na kilele cha Lenana na mita zake 4,985, hilo tumeshakubaliana. Tunachotaka ni kupiga hema kando ya Ziwa Michaelson, chini ya ule ukuta wa mawe wanaouita Temple.

Shida ni mimi. Mwaka jana nilipandia njia ya Sirimon, nikaruka siku ya kuzoea hewa (ujuaji tu). Usiku wa pili kichwa kiliniuma kama kinapasuliwa kwa shoka, na chai yote nikaitapika kwenye viatu vyangu. Mpagazi alinishusha gizani, begi langu mgongoni, lake kifuani. Tuliposhuka kiasi, nafuu ikaja yenyewe.

Safari hii nafikiria tulale siku mbili Ziwa Ellis, mita 3,400 na ushee, ndipo tuendelee hadi Michaelson, karibu mita 4,000. Mbili zatosha, au niongeze ya tatu? Aliyewahi kutumia Diamox (dawa ya kusaidia mwili kuzoea mwinuko) anieleze ilivyomkaa, daktari nitamwona pia. Na begi langu la kulalia ni la nyuzi joto 5, huku naambiwa maji huganda chupani. Niazime jingine, au nivae kila nilichonacho?

Mteremko wa kuingia bonde la Gorges, liliko Ziwa Michaelson, nao vipi, dogo akiwa na mzigo? Asanteni.