Sampuli za kayamba zinachakaa nikizihifadhi tena na tena: WAV, FLAC au MP3?

kayamba_kasarani
Wadau, habari zenu. Natengeneza maktaba ya sampuli za midundo: kayamba, filimbi, honi za matatu, makanga akigonga bodi ya gari kwa kiganja. Narekodi kwa kirekodi cha mkononi, nakata, nasafisha, nahifadhi. Siku nyingine nafungua faili ileile, naibadilisha kidogo, nahifadhi juu yake. Sasa nikilinganisha kayamba ya leo na rekodi yake ya kwanza, pale sauti inapofifia mwishoni kuna ukwaruzo na "shhh" nyembamba ambayo haikuwepo. Mlio wa mwanzo uko sawa kabisa. Ni ule mwisho.

Kinachonisumbua ni kwamba sijagusa MP3 hata mara moja. Kila kitu ni WAV, yaani sauti isiyobanwa, ya biti 16 (urefu wa namba inayobeba kila kipimo cha sauti), nukta 44,100 kwa sekunde (nukta ni kipimo kimoja cha sauti). Diski yangu ni ndogo, na sampuli nyingine natuma kwa bando, kwa hivyo ukubwa wa faili unanihusu. Nibaki WAV 16, nipande 24, niende 32 ya floti (namba zenye desimali), nihamie FLAC inayobana bila kupoteza, au MP3 ya kilobiti 320 kwa sekunde inatosha? Naomba sababu, si jina la muundo peke yake.

mdundo_umoja
Mkuu, MP3 ya 320 inatosha. Midundo yangu inapigwa kwenye matatu za Umoja na spika zinatikisa vioo, hakuna abiria ameshuka akilalamikia biti. Faili ni ndogo na kila programu inaifungua. Ukwaruzo unaousikia huenda ni hedifoni.

fundi_mawimbi
Mdundo, kwa wimbo uliokamilika unaokwenda kusikilizwa nakuunga mkono. Kwa sampuli, hapana. MP3 hutupa sehemu za sauti ambazo sikio halizitambui kwa urahisi, kisha kilichobaki hukibana. Ukiifungua, ukaibadilisha na kuihifadhi MP3 tena, haianzi na sauti ya awali, inaanza na ile iliyokwisha kupunguzwa, na inapunguza upya. Kasoro za mara ya kwanza zinahesabiwa kuwa sehemu ya sauti. Kayamba ndiyo huumia mapema, kwa sababu ni punje nyingi zinazogonga kwa ghafla, na MP3 hupata taabu na milio ya ghafla: kelele ya mbano hutawanyika hadi kabla ya mlio wenyewe, ukasikia kaukungu kabla ya punje kugonga.

Na kuna jambo ambalo watu wa midundo huligundua mapema kuliko hilo. MP3 hupanga sauti kwa fremu za nukta 1,152. Kipande chako kikiwa hakigawanyiki sawasawa, kimya huongezwa kujaza fremu, na kisimbaji, yaani programu inayotengeneza MP3, nacho huongeza ucheleweshaji mwanzoni. Kwa hiyo kipande ulichokata kirudi mwanzo bila pengo, kikirudi kutoka MP3 kina pengo. Programu nyingine husoma maelezo yanayoachwa ndani ya faili na LAME, kisimbaji cha MP3, na kulikata hilo pengo, nyingine hazisomi.

Lakini swali la Kayamba haliko kwenye MP3. Nataka kujua: kati ya kufungua na kuhifadhi, unafanya nini hasa? Faili ya WAV ukiifungua na kuihifadhi bila kubadilisha chochote, kwa biti zilezile na nukta zilezile, inapaswa kutoka ilivyoingia, namba kwa namba. Kama haitoki hivyo, kuna mkono umepita katikati.

kayamba_kasarani
Fundi, nakata kimya, nafifisha mwisho, wakati mwingine nashusha sauti ili ilingane na sampuli nyingine halafu siku nyingine naipandisha. Nikimaliza naipandisha hadi karibu na desibeli sifuri, kiwango cha juu kabisa cha faili. Kila hatua naihifadhi, kwa sababu umeme wa huku hauaminiki na laptopu haina betri nzuri.

fundi_mawimbi
Basi tuko pazuri, maana hapo kuna mambo mawili na yote yanapimika.

La kwanza ni hesabu ya ngazi. Biti 16 zina ngazi 65,536 kutoka chini kabisa hadi juu kabisa. Kila desibeli 6 unazoshusha ni kama kuacha biti moja. Ukishusha sampuli kwa desibeli 24 ukaihifadhi WAV 16, umebakiwa na takriban biti 12 za sauti yenyewe. Ukiipandisha wiki ijayo kwa desibeli 24, sauti inarudi juu lakini zile biti nne hazirudi. Mlio wa mwanzo wenye nguvu hauonyeshi, kwa sababu una ngazi nyingi za kutosha. Mwisho unaofifia ndio unaoishi kwenye ngazi chache za chini, na hapo ndipo unapokwaruza. Maelezo yako na hesabu hii vinalingana kabisa.

La pili ni ditha. Programu nyingi za kuhariri hufanya kazi ndani kwa biti 32 za floti. Wakati wa kutoa faili ya biti 16 huongeza kelele ndogo sana ya makusudi ili makosa ya kukadiria yasisikike kama ukwaruzo. Ditha ni kitu kizuri na ningeitetea popote. Ila kazi yake ni ya mara moja, mwishoni. Ditha ya kawaida kwa biti 16 inaweka kelele karibu desibeli -93. Ukihifadhi mara kumi, kila mara ikiongezwa upya, kelele inapanda desibeli 10 hivi. Bado iko chini, lakini weka kikandamizaji (kompresa) kinachoinua mwisho wa sauti kwa desibeli 20 au 30 na utaisikia "shhh" yako. Programu ya kuhariri ya Audacity ina mpangilio wa ditha kwenye mapendeleo, sehemu ya ubora. Angalia kama imewashwa kwenye toleo lako. SoX, programu ya sauti inayoendeshwa kwa amri, nayo huiweka yenyewe inapopunguza biti, hadi uiambie -D kwenye amri.

picha_na_sauti
Niongeze la tatu, maana mimi ni wa video na ndilo linalotuumiza. Kirekodi kimewekwa nukta ngapi, na mradi ngapi? Video inaenda kwa 48,000, muziki wa CD ni 44,100. Uwiano wake ni 160 kwa 147, kwa hiyo hakuna njia ya mkato: kila nukta mpya lazima ihesabiwe kutoka kwa jirani zake. Kibadilishaji kizuri hufanya kazi safi hata usiweze kuitambua kwa sikio. Kibovu hukata masafa ya juu au huleta milio ya uongo. Faili ikienda 48 ikarudi 44.1 ikaenda 48 tena, unakutana na vibadilishaji tofauti vya programu tofauti na huwezi kujua ni kipi kilichoharibu. Chagua moja, tangu kirekodi hadi mwisho. Mimi naweka 48,000 kila mahali.

kumbukumbu_za_ngoma
Salamu kwenu. Mimi nahifadhi rekodi ndefu za ngoma za mashambani, isukuti hasa. Ngoma hiyo UNESCO iliiweka mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, na wazee wanaoipiga nilivyoizoea hawarudi studio kwa sababu mimi nimeharibu faili. Kwa hiyo suala hili nalichukulia kwa uzito.

Kwa kumbukumbu nachagua FLAC bila kusita. Inabana bila kupoteza: ukiifungua unapata namba zilezile zilizoingia, na unaweza kuihifadhi upya hata mara elfu. Rekodi zangu hushuka hadi nusu ya WAV au juu kidogo. Saa moja ya mono kwa biti 24 na nukta 48,000 ni megabaiti 518 za WAV, na tofauti hiyo inaonekana kwenye diski upesi. Jingine ninalolipenda zaidi ya ukubwa: ndani ya faili ya FLAC kuna alama ya MD5 ya sauti ya awali, namba ya utambulisho inayohesabiwa kutoka kwa sauti yenyewe. Amri ya flac -t inaifungua yote na kukuambia kama hata biti moja imebadilika. WAV haina kinga hiyo. Diski ya bei rahisi kutoka maduka ya Luthuli, Nairobi, ikianza kufa, WAV itakaa kimya.

Lakini msitarajie FLAC iokoe kile Fundi alichoeleza. FLAC ya biti 16 inatunza kwa uaminifu kile ulichokipa, hata kama ulichokipa kina biti 12 tu za maana. Pia haikubali floti. Ukiwa na faili ya biti 32 ya floti, lazima uigeuze kwanza iwe ya namba kamili, kwa mfano biti 24, na kilele chochote kilichopita sifuri kitakatwa.

mdundo_umoja
Nimewasoma. Lakini kuna ladha katika uchafu. Samplari za zamani kama E-mu SP-1200 zilikuwa za biti 12 na nukta kama 26,000 kwa sekunde, na watu leo wanalipa pesa nyingi kuupata ule mkwaruzo. Kwa nini tunaukimbia?

fundi_mawimbi
Hatuukimbii, Mdundo. Ukiutaka, uweke kwenye mradi kama athari unayoweza kuiongeza, kuipunguza na kuizima. Uchafu uliochagua ni sauti yako. Uliojipenyeza kwenye faili pekee uliyonayo umekuondolea uchaguzi.

Sasa Kayamba, kabla hujabadilisha muundo, pima. Kwenye programu ya kuhariri, weka rekodi ya kwanza kwenye mstari (track) wa juu na faili ya leo mstari wa chini. Zilinganishe kiwango, zipangwe nukta kwa nukta, vuta karibu hadi uone nukta zenyewe. Kisha geuza wimbi la moja juu chini na uzichanganye. Zikiwa sawa kabisa, utapata kimya kamili. Kinachobaki ndicho kilichobadilika. Kipandishe usikilize: "shhh" iliyotulia muda wote ni ditha, ukwaruzo unaofuata umbo la sauti ni ngazi zilizopotea, ukisikia milio ya masafa ya juu peke yake, shuku kubadilisha nukta au MP3. Usipime kwa spika ya Bluetooth, maana Bluetooth ya kawaida nayo hubana sauti njiani kwa kodeki (mfumo wa kubana) inayopoteza. Tumia hedifoni ya waya.

kayamba_kasarani
Nimefanya. Kwanza nilifungua rekodi ya kwanza, nikaihifadhi kwa jina jingine bila kuigusa, nikazichanganya: "shhh" ikabaki. Nikazima ditha, nikarudia: kimya kabisa, mstari umelala. Kisha nikapima sampuli ya kayamba niliyoishusha na kuipandisha, na kilichobaki kinakwaruza kikifuata kayamba yenyewe mwishoni. Kwa hiyo yote mawili yapo.

Sasa nirudi kwenye swali la ukubwa. Nikienda floti si nitajaza diski?

fundi_mawimbi
Piga hesabu ya sampuli, si ya wimbo. Kayamba ya sekunde 5, mono: WAV 16 kwa 44,100 ni kilobaiti 441. Biti 24 kwa 48,000 ni 720. Floti ni 960. MP3 ya 320 ingekuwa 200. Hata ukiwa na sampuli mia tano za namna hiyo kwa floti, hujafika nusu ya gigabaiti. Kuokoa hapo hakufai kitu.

Ningefanya hivi. Rekodi kwa biti 24. Rekodi ya kwanza isiguswe: iweke kwenye folda yake na uifunge isiandikwe juu. Kazi zote za katikati zihifadhi kwa WAV ya floti. Ukishusha kwa desibeli 24 ukapandisha kesho, huoni tofauti, kwa sababu floti hubeba kipimo chake pamoja na sauti. Hata ukipita sifuri haikati, unashusha tu na kilele kinarudi. Biti 16 utoe siku unapomkabidhi mtu anayezihitaji, ditha ikiwa imewashwa, mara moja. Na kila ukitaka mabadiliko rudi kwenye floti, usifungue ile ya 16.

Kwa hofu ya umeme, tumia programu isiyogusa faili, kama Reaper. Kukata, kufifisha na kushusha vinaandikwa kwenye faili ya mradi tu, sauti yenyewe inabaki ilivyo. Hiyo unaweza kuihifadhi kila dakika.

kumbukumbu_za_ngoma
Nakubaliana, na kwa kutuma weka FLAC ya biti 24. Tuma kama dokumenti au ndani ya zip, isipite kwenye njia ya ujumbe wa sauti. Programu za ujumbe hubana sauti upya kwa ajili ya mazungumzo, si kwa ajili ya kayamba.

mdundo_umoja
Nami nimepima kwa mdundo mmoja niliouhifadhi MP3 juu ya MP3. Kilichobaki baada ya kuchanganya ni sauti ya kengele na matoazi inayosikika waziwazi, na ilinibidi kwanza niisogeze faili mbele kwa sababu ya lile pengo la mwanzo. Kwa sampuli nahamia WAV. Nyimbo zilizokamilika zitabaki 320.

mgeni_wa_sauti
Samahani kwa kuingilia. Mimi narekodi kwa simu, inatoa M4A. Nikigeuza WAV zote nifute M4A, nitakuwa nimezuia kuchakaa?

fundi_mawimbi
Karibu sana. Usifute. M4A ya simu huwa na AAC, mbano unaopoteza kama MP3, ambayo imeshapoteza ilichopoteza, na kuigeuza WAV hakurudishi kitu. Kunasimamisha tu upotevu usiendelee. M4A ndiyo rekodi yako ya kwanza, itunze. Igeuze mara moja kuwa WAV ya floti na ufanye kazi kwenye hiyo. Angalia pia kama simu ina programu ya kurekodi inayotoa WAV moja kwa moja, zipo nyingi. Na ukitaka kupunguza urefu wa M4A bila kuisimba upya, programu ya amri ya ffmpeg hufanya hivyo kwa -c copy. Inakata kwenye mipaka ya fremu, nukta 1,024 kila moja, kwa hiyo acha nafasi kidogo mbele na nyuma ya mlio unaoutaka.